Tofali la Tatu Juu ya Mdomo wa Tanuri

Jina lake sikulijua miaka yote. Sokoni hapa Suna, mjini Migori, tulimwita Jagedo, ambalo ni neno la Kijaluo la mjenzi tu, na ingawa Migori haina uhaba wa wajenzi, ukisema Jagedo peke yake kila mtu alijua unamtaja yule mzee wa matofali ya moto. Nyumba hakujenga. Vyoo, visima, nyua, hayo aliwaachia wengine. Yeye alijenga mahali pa moto: meko ya shule, majiko ya kukaangia samaki kule ziwani, na matanuri ya mikate kama hili langu, ambalo alilijenga miaka minne iliyopita na ambalo tangu siku hiyo ninaliogopa.

Kosa si lake. Nalisema mapema, kabla sijaanza kueleza ukali wake na vituko vyake, nisije nikaonekana namtwisha mzee mzigo wangu. Juu ya mdomo wa tanuri langu kuna tao la matofali saba, na la tatu kutoka kushoto nililipitisha mimi huku moyo umelikataa. Chini ya tofali hilo, kila alfajiri, Adhiambo huinama, akaingiza kichwa na mabega ndani, akafagia majivu kabla ya kupanga mikate. Adhiambo ndiye mwokaji wangu; alikuwa hapa tangu mume wangu akiwa hai, na kazi anaijua kunishinda. Huimba akifagia. Mimi husimama nyuma yake nikisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, macho yangu yako kwenye tofali.

Sasa Jagedo. Alikuwa mtu wa kutisha, na si kwa umbo, maana alikuwa mwembamba, amevaa mabuti ya mpira hata kiangazi, na kofia ya sufu ambayo sidhani iliwahi kuona sabuni. Kutisha kwake kulikuwa machoni. Ukiongea naye alikukazia macho, na ukinyamaza aliendelea kukukazia vilevile, hadi ukaanza kukumbuka madhambi yako. Simu hakupokea. Ukimtaka ulimtumia ujumbe, ukangoja, na siku aliyotaka yeye ungemwona mlangoni na gunia lake la vifaa begani, ametoka kwake karibu na Kisegi, kule ziwani, bila kukuarifu. Ukimwita kwa nyuma hakugeuka. Tulisema ana maringo. Na sauti yake! Aliongea kama anayenadi mitumba, hata akiwa anaomba chumvi.

"Min Zubeda!" ndivyo alivyoniita, Mama Zubeda kwa lugha yao. "Hii chai imekuwa baridi!"

Na mwenye duka la nguo ng'ambo ya barabara alijua kwamba kwangu chai ni baridi.

Matofali mapya ya dukani hakuyaamini. Aliyatafuta yaliyokwisha kuishi na moto, na shamba lake la kuvuna lilikuwa upande wa Rongo, kwenye viwanda vidogo vya sukari nguru vilivyokufa. Huko kulibaki matanuri yaliyokuwa yakichemshia maji ya miwa, mapaa yameshaanguka, mbuzi wanalala ndani. Jagedo aliomba ruhusa kwa mwenye shamba, akaingia, akalala chali kwenye majivu ya zamani, akatazama juu kwa muda mrefu. Kisha alianza kuyatoa moja moja. Tofali lililoiva vizuri alilipima kwa kiganja, akalinusa, akalilamba pembeni. Ulimi ukivutwa kidogo, alilitia kwenye gunia. Lililowahi kumwagikiwa na maji ya miwa alilirudisha chini.

"Hii imekunywa sukari," alisema. "Ikipata moto itakojoa."

Adui yake hasa alikuwa maji. Kule ziwani, kabla hajafika yeye, kina mama wa samaki walizoea kujengea majiko yao mawe ya ufukweni kwa sababu ni laini na ni ya bure. Jiwe lililolala majini likiwekwa motoni hulia kama bunduki, na mama mmoja pale Kisegi jiwe lilimpasukia sufuria ya mafuta ikiwa jikoni. Mkono wake niliuona. Ni yeye aliyenisimulia jinsi Jagedo alivyokuja kumjengea jiko jipya, akamfokea kwa ajili ya yale mawe mbele ya wateja hadi mama wa watu akalia, halafu kesho yake asubuhi akarudi na kuku hai chini ya kwapa, akamwekea mlangoni, akaendelea na kazi. Yule mama hakujua kama anapaswa kumshukuru au kumfukuza. Kuku alimfuga.

Hadithi ya pili nusura niione kwa macho yangu. Shule moja ya bweni upande wa Rongo, ambayo nilikuwa nikiipelekea mikate, ilimwita ajenge meko makubwa ya jikoni. Alipofika akakuta matofali yamekwisha kukatwa kwa mashine ile ya kuzunguka, inayomwagiwa maji ili isitoe vumbi. Yamekatwa vizuri ajabu, kingo zimenyooka kama mkate wa dukani. Jagedo alilamba moja, akatema.

"Hizi ziende kwa jua mwezi mbili," alisema.

Mwalimu mkuu, mtu mstaarabu, akamweleza kwamba wanafunzi wanarudi Jumatatu. Jagedo akafunga gunia lake akaondoka. Walipata fundi mwingine, naye akajenga upesi, wakawasha kuni siku ya pili. Nilikuwa langoni nikishusha mikate niliposikia milio mitatu. Nilidhani ni majambazi, nikalala chini na trei mkononi. Mpishi alikuwa ametoka kwenda stoo kuchukua chumvi, na chumvi hiyo ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu mlango wote wa meko ulikuwa umeruka ukapiga ukuta alipokuwa amesimama. Tangu siku ile nikajua kwamba tofali linaweza kumuua mtu. Na ndiyo sababu tanuri la marehemu mume wangu lilipochakaa, sikutaka mwingine ila Jagedo.

Alikuja na matofali yake magunia na magunia. Kwanza alikata. Hakuna kazi niliyoitazama kwa hofu kama hiyo, maana sikuruhusiwa hata kukohoa. Alimwaga mchanga mkavu uani, akalaza tofali juu yake, akachora mstari kwa msumari pande zote nne. Kisha alishika tindo, patasi ile nene ya chuma, akalizunguka tofali kwa vipigo vidogo vidogo, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kuonekana kwamba linakatika. Ukadhani anacheza. Halafu pigo moja la kawaida tu, na tofali likafunguka lenyewe palepale kwenye mstari. Ya tao aliyachonga upande mmoja mwembamba, mwingine mnene, ili yakipangwa yabanane yasianguke. Akimaliza moja alilipuliza vumbi taratibu, mtu huyu ambaye sikuwahi kumwona akimpuliza mtoto jicho.

Kisha ikaja kuchagua, na hapo ndipo palipo na msiba wangu.

Jagedo alikuwa na sharti ambalo mafundi wengine walilicheka. Matofali ya mdomo hakuyachagua yeye. Alimtaka mtu atakayesimama pale kila siku ayachague mwenyewe. Alimpa nyundo ndogo, akamwambia aligonge tofali alilolining'iniza kwa vidole viwili, asikilize. Tofali zima hulia, sauti inakwenda inakwenda. Lenye ufa wa ndani hujibu mara moja na kukata. Na yeye alikaa mbele yako, magoti yanakaribia kugusana, akikutazama usoni wakati wote.

"Nani anasimama hapa?" aliniuliza.

Adhiambo alikuwa sokoni akiuza. Ningeweza kumwita, ni mwendo wa dakika kumi. Nikajibu kwamba mimi ndiye mwenye tanuri. Jagedo alinikodolea macho kidogo, akanipa nyundo.

Na alikuwa na tabia moja zaidi. Ukilikataa tofali, alilivunja. Hapohapo, kwa nyundo kubwa, vipande vinne, ili mtu mwingine asije akaliokota akalijengea. Hakukuuliza. Lile la kwanza nililolikataa alilipiga hadi nikaruka. La pili. La tano. Alikuwa ameyabeba kutoka Rongo mgongoni, ameyakata kwa siku mbili, vidole vyake vina damu kwenye kucha, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki nasema hapana, hapana, naye anavunja. Yaliyobaki yakawa machache. Nikaanza kuona haya. Nikaanza kumwogopa pia, ule ukimya wake, lile jicho. Basi nilipoligonga hilo moja nikasikia, au nilidhani nimesikia, sauti ikikatika kabla ya wakati wake. Si sana. Nikainua macho nikamkuta ananitazama, na badala ya kusema hapana nikatabasamu.

Nilitabasamu kama unavyomtabasamia mgeni aliyekuletea zawadi usiyoihitaji. Akaliweka upande wa mazuri.

Sitasahau wiki iliyofuata. Kuni alizikataza kwa siku saba. Siku ya kwanza tuliwasha magazeti, ya pili magunzi ya mahindi, ya tatu magunzi mengi kidogo, na kila jioni alipitisha kiganja juu ya tao kama anayempima mtoto homa. Siku hizo saba nilikuwa na nafasi saba za kusema. Kila siku nilijiambia, nitasema akishamaliza chai. Alimaliza chai. Siku ya nane Adhiambo aliingiza mikate ya kwanza, ikatoka ya rangi ya asali, na jirani wakaja kununua mlangoni. Nikasema, aa, ni wasiwasi wangu tu.

Lakini wasiwasi hauzimwi na mikate mizuri. Mwezi wa kwanza nilimwambia Adhiambo apumzike, nikafagia majivu mwenyewe, na kila nilipoingiza kichwa shingo yangu ilikuwa baridi ndani ya joto lile. Akaudhika, akadhani sina imani na kazi yake. Nikamwachia. Baada ya mwaka nikaanza kuona mstari mwembamba kwenye tofali, mwembamba kama unywele, na siku nyingine sikuuona. Kulizima tanuri ni kulipoza siku tatu, na kulibomoa tao ni kueleza kwa nini. Nikaweka maneno tayari kichwani, mwaka wa pili nikayabadilisha, mwaka wa tatu nikayaacha. Huko nyuma nimewahi kuwasema watu waoga. Nawaomba msamaha, maana mwoga wa kweli nilikuwa sijakutana naye.

Miaka hiyo Jagedo alipunguza kazi. Tulisikia yuko kwake analima, magoti yanamsumbua. Kisha mwezi uliopita akaonekana hapa Migori, amekuja kununua mbegu, na kwa heshima ya zamani akawa anakuja kunisalimu. Nilikuwa mlangoni. Alikuwa anavuka barabara taratibu, gunia begani, na nyuma yake ikatokea pikipiki imebeba vitanda viwili, dereva anapiga honi mfululizo. Watu wote barabarani waligeuka. Jagedo hakugeuka. Honi ilikuwa mgongoni mwake, nasema mgongoni, naye anatembea kama yuko shambani peke yake. Adhiambo alitupa trei, akakimbia, akamvuta kwa shati hadi wote wawili wakaanguka kwenye changarawe.

"Mzee, hauskii?" Adhiambo alimfokea. "Hauskii?"

Jagedo alitazama mdomo wake. "Nini?" akauliza.

Nilimkalisha ndani, nikampa maji. Adhiambo akarudi kwenye unga wake, bado anahema. Mambo yote yalikuwa yamejipanga kichwani mwangu kwa mara moja: ile simu, ile sauti ya juu, lile jicho. Nikashika sikio langu, nikamwelekezea swali kwa mkono.

"Zilikwisha kitambo," alisema, kwa sauti ileile ya mnadani. "Ni nyundo. Kabla ya tanuri yako. Kabla ya ile jiko ya Kisegi."

Nikamwonyesha ishara ya kugonga tofali. Basi ulikuwa unachaguaje?

"Mimi naangalia uso. Mtu akiskia tofali mbaya, uso inakataa kabla yeye hajakataa. Haijanidanganya hata siku moja."

Miaka minne nilikuwa nimejituliza kwa jambo moja: kwamba hata kama masikio yangu ni ya mwuza mikate, ya Jagedo yalikuwepo, na angelisikia tofali baya angelivunja. Kumbe pale uani kulikuwa na masikio mawili tu, yangu, na uso mmoja, wangu, na uso huo ulikuwa umetabasamu.

Sikuweza kupiga kelele, Adhiambo angesikia. Nikachukua daftari la maagizo, nikaandika: *Tofali la tatu kutoka kushoto, juu ya mdomo. Sikulipenda. Niliona haya kukataa tena.* Nikamsukumia. Alisoma huku midomo inacheza. Na mimi, kwa hofu yangu, nilikuwa nimesahau kwamba mtu asiyesikia hajui kunong'ona.

"YA TATU?" alisema Jagedo. "Ile ya juu ya mdomo? Na umechoma nayo miaka yote?"

Adhiambo alichungulia, mikono ina unga hadi viwikoni. "Ni nini na ya tatu?"

"Ukaguzi tu," nikasema. "Jagedo anataka kukagua. Tuzime."

Hakuuliza zaidi. Nadhani alifurahi kupata siku tatu za kwenda kwao.

Hakwenda. Alibaki kusafisha trei, na siku ya tatu alikuwa hapohapo Jagedo alipopiga magoti mbele ya tanuri, magoti yale mabovu, akaegemeza mbao chini ya tao, akaanza kuchokoa udongo pembeni mwa lile la tatu kwa ncha ya tindo. Hakuligonga. Hakunipa nyundo. Alichokoa kama anayetoa mwiba mguuni, na mimi nilisimama na mtandio mdomoni. Udongo ulipolegea tu, tofali likashuka lenyewe mikononi mwake, na lilishuka likiwa vipande viwili. Ndani, toka upande mmoja hadi mwingine, lilikuwa jeusi kwa masizi. Moto ulikuwa umeshapita humo siku nyingi. Hakuna kilicholishikilia juu isipokuwa majirani zake kulibana.

Jagedo aliviweka vile vipande sakafuni. Akavua kofia yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Adhiambo alichuchumaa. Aliokota kipande kimoja akakipima mkononi, akatazama juu palipo na pengo, akajishika kisogo. Halafu akatazama daftari, ambalo mimi mjinga nililiacha juu ya meza limefunguliwa kwenye ukurasa uleule, na sijui alilisoma siku ya kwanza au ya pili kati ya zile tatu.

"Mama Zubeda," aliniambia, polepole, kwa heshima ileile ya siku zote. "Ulijua?"

Jagedo hakulisikia swali lakini alikuwa ameinua macho, ananitazama. Wote wawili walikuwa wananitazama.

"Nilijua," nikasema. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Niliogopa."

Nilingoja anipige. Nilingoja avue aproni, anitupie, nami ningeona ni haki. Adhiambo aliinuka, akafuta mikono, akatoka nje hadi kwenye kivuli cha ukuta, akatoa simu. Kwa mlango uliokuwa wazi nilimsikia akimpigia mama yake nyumbani. Mama yake lazima alishtuka kupigiwa saa ile ya kazi, akamwuliza kuna nini, kuna nani amefariki, maana Adhiambo alirudia jibu moja kwa Kijaluo, mara nyingi, sauti inamkatika.

"Antie, Mama," alisema. "Antie." Nipo, Mama. Nipo.